Namna ya Kukeneka Maji na Manukato: Maana, Vyombo na Matumizi

Kukeneka ni kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kukigeuza kimojawapo kuwa mvuke, kisha kuupoza mvuke huo pembeni hadi urudi kuwa kimiminika na kudondoka katika chombo kingine. Ndani ya maelezo hayo mna vitendo viwili, kuchemsha na kupoza, na karibu kila anayejaribu kazi hii kwa mara ya kwanza hukishughulikia kile cha kwanza na kukisahau cha pili. Hutafuta jiko lenye moto mkali na sufuria kubwa, kisha hushangaa kuona chumba kimejaa mvuke huku chupa yake ikiwa na vijiko vichache tu vya maji. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba ukenekaji ni kazi ya kupoza kuliko ilivyo kazi ya kuchemsha, na anayelielewa jambo hilo tangu mwanzo atafanikiwa hata kwa vyombo vya jikoni.

Inafaa kukitofautisha kitendo hiki na vingine vinavyokaribiana nacho, kwa sababu tofauti hizo ndizo zinazoamua njia ipi itumike. Kuchuja huondoa chembe zisizoyeyuka, kama vile mchanga na matope, lakini chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupita kwenye kichujio pamoja na maji. Kuchemsha huua vijidudu, lakini huacha chumvi, chokaa na metali zote ndani ya maji, tena kiasi chake kwa kila lita huongezeka kwa kuwa maji yamepungua. Kuvukiza, kama wafanyavyo wazalishaji wa chumvi, humpa mtu kile kilichobaki chini na kuuacha mvuke upotelee hewani. Katika kukeneka, mvuke ndio unaotakiwa na mabaki ndiyo yanayotupwa, ingawa viwandani mara nyingi vyote viwili huuzwa. Wapo pia wanaolitumia neno hili kwa fikra, wakisema kwamba hoja ndefu imekenekwa hadi ikabaki sentensi moja. Hayo yanaeleweka, lakini hapa tunazungumzia vimiminika.

Kwa nini mvuke hutenganisha

Kila kimiminika kina kiwango chake cha kuchemka. Katika kanieneo la kawaida la hewa kwenye usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, ethanoli kwa takriban nyuzi 78, methanoli kwa takriban nyuzi 65, na asetoni kwa takriban nyuzi 56. Mahali palipoinuka viwango hivyo hushuka, kwa maji takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Chumvi ya mezani, kwa upande wake, haichemki mpaka joto lipite nyuzi 1,400, na hiyo ndiyo sababu maji ya bahari ni rahisi kukenekwa: maji yanapopanda, chumvi haina uwezo wa kuyafuata. Ugumu huanza pale ambapo vitu viwili vinachemka kwa viwango vinavyokaribiana, kwa maana hapo mvuke unaopanda huwa na vyote viwili, kile chepesi kuvukiza kikiwa kingi zaidi tu, na kukeneka mara moja hakutoshi kuvitenga.

Sasa tulitazame joto lenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha kazi. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 huhitaji takriban kilojuli 335. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke, bila joto lake kupanda hata kidogo, huhitaji takriban kilojuli 2,257, yaani karibu mara saba zaidi. Nishati hiyo haipotei. Imo ndani ya mvuke, na mvuke hauwezi kuwa maji tena mpaka uikabidhi yote kwa kitu kingine, kiwe hewa, bati, barafu au maji baridi. Kama maji yako ya kupozea yanaingia yakiwa na nyuzi 25 na kutoka yakiwa na nyuzi 45, utahitaji karibu lita 30 za maji hayo kwa kila lita moja unayoikeneka. Ukipoza kwa barafu, kilo tano hivi zitayeyuka na kuwa vuguvugu kabla hujapata lita moja. Anayeziweka hesabu hizi mbele yake hatashangaa tena kwa nini mfuniko uliowekewa vipande vitatu vya barafu ulishindwa kazi baada ya dakika chache.

Historia ya ukenekaji nayo, ukiichunguza vizuri, ni historia ya kupoza. Wanakemia wa kale wa Aleksandria, ambao miongoni mwao Maria Myahudi anatajwa sana, walikuwa na chombo chenye kichwa cha kunasa mvuke na midomo ya kuutoa, lakini walitegemea zaidi hewa kukipoza. Wanazuoni wa Kiarabu walikiendeleza chombo hicho, wakakiita al-anbiq, na katika karne ya 9 al-Kindi aliandika kwa kirefu juu ya ukenekaji wa manukato. Bado upozaji ulikuwa dhaifu, na vitu vinavyovukiza upesi vilipotea kwa wingi. Katika karne ya 13 Taddeo Alderotti, tabibu wa Bologna, alieleza mrija uliozungushwa kama nyoka ndani ya maji baridi, na tangu hapo vitu vyepesi vikaanza kukamatika. Mwaka 1771 Mjerumani Christian Ehrenfried Weigel alichapisha maelezo ya mrija ulio ndani ya mrija mwingine, ambamo maji baridi hupita kuuzunguka mvuke. Ajabu ni kwamba chombo hicho leo hubeba jina la Justus von Liebig, aliyekieneza baadaye.

Kukeneka maji kwa sufuria na barafu

Njia hii inamfaa mtu anayetaka nusu lita au lita moja kwa ajili ya pasi ya mvuke, betri ya asidi au jaribio la darasani. Tafuta sufuria ndefu ya chuma kisichoshika kutu, yenye mfuniko uliobinuka kama kuba na wenye kishikio katikati. Weka chini ya sufuria kitu cha kuinulia, kama vile kigoda kidogo cha chuma au kibakuli kizito kilichopinduliwa, na juu yake weka bakuli la kioo kinachovumilia moto au la chuma kisichoshika kutu. Mimina maji kuzunguka bakuli, yasifikie ukingo wake wala yasiliinue likaelea na kuyumba. Kisha pindua mfuniko ili sehemu iliyobinuka na kishikio chake vitazame chini, kishikio kikiwa juu ya katikati ya bakuli. Mvuke utapanda, utagusa mfuniko baridi, utakuwa matone, na matone yatateremka kwenye mteremko hadi kwenye kishikio na kudondoka ndani ya bakuli. Kishikio cha plastiki au cha mbao kiondolewe, na tundu la skrubu lizibwe kwa boliti ya chuma kisichoshika kutu.

Kabla hujafunika, yaache maji yachemke wazi kwa dakika tano hadi kumi. Klorini iliyotiwa katika maji ya bomba, pamoja na gesi nyingine, huondoka mwanzoni kabisa, na usipoipa nafasi ya kutoka itaishia kwenye bakuli lako. Baada ya hapo punguza moto hadi maji yawe yanatokota taratibu, funika, na ujaze barafu juu ya mfuniko. Moto mkali hauongezi mavuno bali huyaharibu kwa namna mbili: kwanza, maji machafu huruka na kuingia kwenye bakuli, na hapo unakuwa umeyachanganya tena yale uliyokuwa unayatenga, pili, mvuke huzidi uwezo wa barafu kuupoza na kutoka kwa pembeni. Ukiona mvuke unatoka kwa nguvu kwenye ukingo wa mfuniko, jibu ni kupunguza moto, si kukandamiza mfuniko. Kamwe usizibe ukingo huo kwa unga, gundi au uzito, kwa sababu sufuria isiyo na pa kupumulia inaweza kulipuka.

Barafu ikiyeyuka, ondoa maji yake kwa kikombe au sifongo na uweke nyingine, kwa maana maji ya vuguvugu yaliyotulia juu ya mfuniko huzuia barafu mpya isigusane na chuma. Kuhusu muda, moto unaofikisha wati 500 ndani ya maji yenyewe huvukiza takriban lita 0.8 kwa saa, na kwa kuwa sehemu ya mvuke huo hutoroka, usitegemee zaidi ya nusu lita au kidogo zaidi. Zima jiko yakiwa yamebaki angalau maji ya kimo cha vidole viwili. Kukeneka hadi sufuria ikauke huunguza mabaki, hutoa harufu mbaya inayoingia kwenye maji safi, na huharibu chombo. Acha kila kitu kipoe kabla ya kuinua mfuniko, kwani mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka: ukigusa ngozi, huiachia ile nishati yote iliyotajwa hapo juu.

Mrija na ndoo

Anayehitaji maji mengi zaidi ataona haraka kwamba kubadilisha barafu kila baada ya muda mfupi ni adhabu. Hapo ndipo mrija unapohitajika. Birika au sufuria yenye tundu moja huunganishwa na mrija mrefu, mrija huo huzungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi, na ncha yake hutokea upande wa chini wa ndoo kuelekea kwenye chupa. Kanuni inayosahauliwa zaidi ni mwelekeo wa maji ya kupozea. Maji baridi yaingie chini ya ndoo na yale yaliyopata joto yatoke juu, ili mvuke unapokaribia mwisho wa safari yake ukutane na maji yaliyo baridi kuliko yote. Ukiyaingiza juu, maji ya moto yatakaa palepale juu na yale ya chini yatabaki bila kazi, na mavuno yatashuka bila sababu ya kuonekana.

Mrija uteremke mfululizo, bila kupanda wala kulegea mahali popote, kwa maana palipolegea maji hujikusanya na kuuziba mvuke. Ncha ya mwisho iwe wazi kwa hewa na isizame ndani ya maji yaliyokusanywa. Hili lina sababu yake: moto unapozimwa, mvuke uliobaki ndani ya birika hugeuka maji, kanieneo ndani hushuka, na mrija uliozama huyavuta maji safi yote kuyarudisha kwenye birika chafu. Kwa hiyo anayefanya kazi na mrija huiondoa kwanza chupa, kisha ndipo huzima moto.

Katika kuchagua malighafi ya mrija, kioo na chuma kisichoshika kutu ndivyo salama zaidi. Shaba hupitisha joto vizuri mno na hutumika sana katika mitambo ya manukato, lakini maji yanayopita humo hubeba chembe za shaba, na chembe hizo hudhuru betri za asidi hata zikiwa kidogo. Mirija ya plastiki ya kawaida hulegea kwa joto na kutoa harufu. Ya silikoni inayotengenezwa kwa ajili ya chakula huvumilia zaidi. Kitu kimoja kisitumike kabisa, nacho ni rejeta ya gari, ambayo watu huiona kama kipozeo kilichokwisha kutengenezwa. Nyingi za zamani ziliunganishwa kwa metali ya risasi, na kwa njia hiyo watu wamewahi kupata sumu ya risasi.

Ili maji yasiruke kwa ghafla yanapochemka, tia ndani ya birika vipande vichache vya kigae cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi. Vitobo vidogo vya kigae hutoa nafasi kwa mapovu kuanzia, na uchemkaji hutulia. Vipande hivyo hutiwa maji yakiwa bado baridi. Kuvitia katika kimiminika kilichokwisha kufikia joto la kuchemka husababisha kifoke papo hapo.

Manukato

Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli, ambacho chenyewe huchemka kwa takriban nyuzi 254. Kwa hesabu ya haraka mtu angesema kwamba hakiwezi kamwe kupanda pamoja na mvuke wa maji. Hata hivyo hupanda, tena chini ya nyuzi 100. Sababu ni kwamba mafuta na maji havichanganyiki, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na kanieneo za mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Jumla ikilingana na kanieneo la hewa, mchanganyiko mzima huchemka, hata kama mchango wa mafuta ni mdogo sana. Hivyo mafuta ambayo yangeungua kwa moto wake yenyewe husafirishwa na maji kwa upole. Binafsi naona hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika ukenekaji, na ndilo linalowezesha waridi, mchaichai, nanaa na mkaratusi kutoa harufu yake bila kuharibika.

Vyombo ni vilevile vya maji, na badiliko ni moja: kabla ya kuanza, weka petali, majani au maganda juu ya kichanja kilicho juu ya maji, ili mvuke upite katikati yake. Petali laini zinaweza kutumbukizwa majini moja kwa moja, lakini majani hupikika na kutoa harufu ya mboga. Tumia mimea iliyochumwa karibuni na isiyonyunyiziwa dawa. Vitu vigumu kama karafuu na magome hupondwa kwanza na kulowekwa kwa saa kadhaa. Usiyaache maji yachemke wazi kwa dakika za mwanzo kama ulivyofanya ulipokeneka maji matupu, kwa kuwa harufu iliyo bora hutangulia, na wala usiendelee mpaka mwisho. Onja kwa pua kila baada ya muda, na harufu ikianza kufifia au kuwa kama ya majani yaliyochemshwa, simama. Mara nyingi hatua hiyo hufika ukiwa umekusanya theluthi moja hivi ya maji uliyoweka.

Kinachopatikana jikoni ni maji yenye harufu, na juu yake labda utando mwembamba wa mafuta. Usitarajie chupa ya mafuta. Kilo moja ya mafuta ya waridi hudai tani tatu hadi tano za petali, na bei yake hueleweka mara mtu anapoijua hesabu hiyo. Mafuta mengi huelea juu ya maji, lakini ya karafuu huzama, basi anayeyatafuta asiyamwage kwa kudhani hayapo. Mafuta hayo ni makali, hayanywewi, na hayapakwi mwilini bila kuzimuliwa kwa mafuta mengine. Maji yake ni laini zaidi ila huoza. Yawekwe katika chupa iliyochemshwa, ndani ya jokofu, na yatumike ndani ya wiki chache.

Kwa nguvu ya jua

Pasipo umeme wala kuni, kisanduku kisichovuja chenye sakafu nyeusi na mfuniko wa kioo ulioinama hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Maji ya chumvi humwagwa sakafuni kwa kina cha sentimita chache, jua huyapasha, mvuke hugusa kioo kilicho baridi kuliko maji, na matone huteremka hadi kwenye mfereji ulio ukingoni mwa chini. Hapa hakuna uchemkaji wowote, jambo linaloonyesha kwamba kuchemka si sharti la kukeneka. Tofauti ya joto kati ya maji na kioo ndiyo sharti. Kwa hiyo kioo kikae mahali penye upepo na kiwe safi ndani, kwa kuwa uchafu wa mafuta hufanya matone yaanguke kabla ya kufika kwenye mfereji. Kisanduku kizuri, siku ya jua kali, hutoa kati ya lita mbili na tano kwa kila mita ya mraba. Kiasi hicho si kikubwa, lakini mwaka 1872 huko Las Salinas nchini Chile kilijengwa kituo cha aina hiyo kilichotoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku kwa ajili ya migodi, kwa kutandaza vioo juu ya maelfu ya mita za mraba.

Kazi kubwa za viwandani

Viwanda hufanya jambo lile lile, isipokuwa huligawa katika mafungu mengi. Mafuta ghafi hupashwa hadi takriban nyuzi 350 na kuingizwa chini ya mnara mrefu ambao chini yake ni moto na juu yake ni baridi. Ndani ya mnara mna sakafu nyingi zenye matundu, na katika kila sakafu mvuke unaopanda hukutana na kimiminika kinachoteremka, sehemu hutona na sehemu huvukizwa upya, hivi kwamba mnara mmoja hukeneka mara kadhaa kwa mkupuo mmoja. Gesi hutoka kileleni, ikifuatiwa na petroli, mafuta ya taa na dizeli, na chini kabisa hubaki masalia mazito ambayo hupelekwa kwenye mnara wa pili ulioondolewa hewa. Ombwe hushusha viwango vya kuchemka, na bila hilo masalia hayo yangevunjikavunjika kwa joto kabla ya kuvukiza.

Hewa tunayoivuta nayo hukenekwa. Ikishapozwa hadi ikawa kimiminika, naitrojeni hutoka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, agoni kwa 186 chini ya sifuri, na oksijeni kwa 183 chini ya sifuri. Carl von Linde alianza kuizalisha oksijeni kwa njia hii mwaka 1902, na kiasi kikubwa cha oksijeni inayotumika hospitalini na katika viwanda vya chuma bado hupatikana hivyo. Katika mitambo mikubwa inayoondoa chumvi katika maji ya bahari kwa kuyakeneka, joto linaloachwa na mvuke unaotona hutumiwa kuyapasha maji ya bahari yanayoingia, hatua baada ya hatua. Yaani kile ambacho jikoni ni maji ya vuguvugu ya kumwagwa, huko ndicho kinachoamua kama mtambo utaleta faida au hasara.

Mipaka na hatari

Kukeneka hakuondoi kila kitu. Kitu chochote kinachovukiza kwa urahisi kama maji au zaidi, kama vile petroli, viyeyushi vya rangi na baadhi ya dawa za kuua wadudu, kitapanda pamoja na maji, kwa hiyo maji yaliyochafuliwa na vitu hivyo yasikenekwe nyumbani kwa matumaini ya kuyanywa. Vipo pia vimiminika vinavyogoma kutengana: ethanoli na maji vikifikia takriban asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito, mvuke na kimiminika huwa na mchanganyiko ule ule, na hata mnara mrefu hauwezi kuendelea zaidi bila mbinu nyingine.

Mwongozo huu hauelezi namna ya kukeneka pombe, na sababu si adabu tu. Nchi nyingi huikataza kazi hiyo bila leseni, mvuke wa ethanoli hushika moto haraka, na methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, hupofusha na kuua. Ipo imani iliyoenea kwamba ukimwaga sehemu ya kwanza inayotoka, methanoli yote itakuwa imekwenda. Imani hiyo si ya kutegemewa, kwa kuwa katika mchanganyiko wa maji na ethanoli methanoli hutawanyika na kuendelea kutoka kwa muda mrefu, na chombo cha kawaida hakiitengi kwa ukamilifu. Kinywaji ambacho tayari kimetiwa methanoli hakisafishwi kwa kukenekwa.

Kupima, kuhifadhi na kusafisha vyombo

Jaribio rahisi kuliko yote ni kudondosha tone moja juu ya kioo safi na kuliacha likauke. Maji ya bomba huacha duara jeupe, yale yaliyokenekwa vizuri hayaachi kitu. Mwenye kipimo cha chumvi zilizoyeyuka atarajie kusoma tarakimu iliyo karibu na sifuri. Ikizidi kumi, ama maji yaliruka kutoka kwenye sufuria, ama chombo cha kupokelea hakikusuuzwa kwa maji yale yale yaliyokenekwa. Ladha yake ni bapa kwa kuwa gesi na madini vimeondoka, na kuyanywa hakudhuru mtu mzima anayekula vizuri, ila hayana madini ambayo maji ya kawaida huyachangia. Yasitumike kamwe kwa sindano wala kuoshea jeraha au macho, kwa maana maji yaliyokenekwa nyumbani huanza kupata vijidudu mara tu yanapokaa katika chombo kisicho tasa.

Yahifadhi katika chupa ya kioo au ya plastiki ngumu, iliyojazwa hadi karibu na mdomo na kufungwa vizuri. Yakiachwa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kuwa na uasidi kidogo, na katika vyombo vya chuma cha kawaida huanza kula chuma. Andika juu ya chupa tarehe na chanzo cha maji, hasa kama una chupa nyingine ya maji ya manukato yanayofanana nayo kwa macho.

Sufuria itapata ukoko wa chokaa baada ya kutumiwa mara kadhaa, na ukoko huo huzuia joto lisipite, hivyo moto huongezwa na maji huanza kuruka tena. Chemsha siki iliyozimuliwa kwa maji ya kiasi sawa, iache mpaka ukoko ulegee, kisha suuza mara mbili. Mzunguko wa kwanza baada ya usafi huo utoe maji ya kutupa, kwa sababu asidi ya siki huvukiza pamoja na maji na itaingia katika chupa.